Kiapo cha usawa Ontario: usitafute fomu, haipo tena

Salaam ndugu. Umeuliza kama ukikataa kuandika tamko la kuunga mkono usawa na mchanganyiko wa watu leseni yako ya uwakili Ontario, Kanada, itafutwa, maana mwenzako ofisini amekutisha kwa karatasi aliyonayo.

Kwanza muulize: hiyo karatasi yake ni ya mwaka gani? Sharti hilo Chama cha Wanasheria, kinachotoa leseni za mawakili Ontario, kilipitisha Desemba 2016. Hukutakiwa kuwasilisha tamko lenyewe, ila kukiri kwenye ripoti ya mwaka kwamba unalo. Kwenye uchaguzi wa baraza la chama hicho 2019, kundi lililolipinga likapata viti 22, na Septemba mwaka huo sharti likafutwa.

Tamko langu niliandika usiku, sentensi tatu, nikafuta mbili. Ubaguzi naujua: karani wa mahakama alishaniuliza kama mimi ni mkalimani, nami nimeshika faili la mteja wangu. Ndiyo maana niliumia zaidi. Ninachotaka ni karani yule awajibishwe. Kunidai mimi nitangaze imani yangu hakumgusi hata kidogo.

Sasa fungua ripoti yako ya mwaka, isome kabla ya Machi 31. Utakuta kipengele cha kukiri kwamba unawajibika kuheshimu sheria za haki za binadamu na kutobagua. Hicho kijaze bila wasiwasi, kinarudia wajibu ambao sheria imeshakupa. Kama ni mwajiri wako anayedai tamko, hilo ni suala la mkataba wa kazi. Mwombe akuandikie anachotaka, kisha kilete hapa tukisome.