Usiku wa kwanza niliandika "Nimeoga"

Mkuu, umeuliza kama ukiacha dawa ukashika shukrani peke yake, kama mchungaji wako anavyokushauri, sonona, huu ugonjwa wa huzuni nzito, itaondoka. Mimi ni Mlutheri, na shukrani imenisaidia sana. Lakini dawa usiache.

Mama alifariki Juni 2017, Njombe ikiwa kwenye ile baridi inayouma mpaka masikio. Tukaanua matanga, ndugu wakatawanyika, nikarudi kufundisha. Kilichotangulia kuondoka ni usingizi: nalala saa nne, saa nane niko macho nahesabu mbao za dari. Kisha chakula kikakosa ladha. Madaftari ya wanafunzi yakarundikana hadi mkuu wa shule akaniita. Kwaya nikaacha. Kuoga nako... baridi ilinipa kisingizio.

Kanisani wengine wakasema ni roho ya mauti. Niliombewa mara mbili, nikaanguka mara moja, nadhani kwa njaa. Kilichoniumiza zaidi ni lile neno la Paulo, "shukuruni kwa kila jambo", nililokuwa narushiwa kama jiwe. Nishukuru kwa jeneza? Nikawa na huzuni mbili sasa, ya mama na ya kuonekana sina imani.

Aliyenivuta ni mzee wetu wa kanisa. Alikuja na chupa ya uji wa ulezi, akanisalimu kwa Kibena, "kamwene", akakaa. Hakuhubiri. Nilipomaliza kikombe cha pili ndipo akafungua 1 Wafalme 19: Eliya yuko chini ya mretemu, anaomba afe, na malaika hamkemei. Anamletea mkate na maji, anamwacha alale, anamwamsha ale tena. "Umeona? Kwanza alilishwa," akasema. Kesho yake akanisindikiza hospitali.

Nikaandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona. Wiki ya kwanza mdomo mkavu, kusinzia mchana, nikataka kuzitupa chooni. Daktari alishanionya kwamba nafuu yenyewe huchukua wiki kadhaa, na ndivyo ilivyokuja, kidogokidogo, bila ushuhuda wa kusimama madhabahuni.

Wazo la daftari la shukrani ni la mzee pia. Kila usiku niandike kitu kimoja kilichotokea siku ileile, siyo ile "nashukuru kwa uzima" tunayoitamka kwa mazoea. Usiku wa kwanza niliandika: "Nimeoga." Wa pili: "Jirani kaleta viazi, vya moto." Kuna usiku niliandika "sina". Nikamwonyesha kwa aibu, akasema hiyo nayo ni sala, akanisomea Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani na bado imo kwenye Biblia. Ugonjwa huu ulikuwa unaniambia wiki nzima imekuwa giza tupu. Daftari likawa linaubishia, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe. Miezi minne baadaye nilirudi kwaya, sauti ya tatu, nimekaa nyuma.

Kwa hiyo andika, omba, na vidonge umeze. Ukitaka kuvipunguza, zungumza na daktari aliyekuandikia, maana kuvikata ghafla kuna shida zake. Na ukianza kuwaza kujiua usingoje Jumapili. Mwamshe mtu usiku huohuo akupeleke hospitali.

Mchungaji wako usigombane naye. Wa kwetu nilimweleza yote baada ya kupata nafuu. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza yule daktari anapatikana siku gani.