Umeshapata PhD, Sasa Nani Anakusoma?

Ukiwa mwanafunzi wa uzamivu, una msimamizi anayekupigia simu kuuliza sura ya nne imefikia wapi. Ukishavaa joho na kurudi idarani, simu hiyo haiji tena. Zinazokuja ni nyingine: ratiba ya mitihani imegongana, wanafunzi walio mafunzo kwa vitendo Same na Mwanga hawajakaguliwa, ripoti ya idara inatakiwa leo kabla ya saa kumi. Miaka inakwenda, bado wewe ni Mhadhiri, na tasnifu imelala kwenye flashi.

Nafundisha chuo kimoja hapa Moshi, na nawaandikia wenzangu wa katikati, yaani Wahadhiri na Wahadhiri Waandamizi. Wakufunzi wasaidizi wana watu wa kuwashika mkono, na maprofesa wana majina yao. Sisi ndio tunaosahihisha vitabu vya mitihani kwa marundo, tunakaa kwenye kamati zote, halafu tunadhaniwa hatuna tena cha kufundishwa.

Dawa tunayopewa mara nyingi ni semina, na Arusha haikosi kumbi. Siku tatu hotelini, kabrasha, chai ya saa nne na sambusa, picha ya pamoja, cheti cha ushiriki. Sizibezi zote, na tusidanganyane, posho nayo ina kazi yake. Lakini semina inakupa maelezo, haikusomei rasimu. Mtu aliyefika hapa tulipo hakosi maelezo ya namna ya kuandika makala. Anakosa mtu wa kumwambia ukweli kuhusu makala hii aliyoiandika yeye.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kutafuta wasomaji. Sisi tuko wanne: mmoja wa ushirika, mmoja wa afya ya jamii, mmoja wa elimu, na mwingine anapanda kosta kutoka Tengeru. Tunakutana Jumamosi asubuhi, mara nyingi kwenye mgahawa wenye mtori mzuri, maana njaa na ukosoaji haviendi pamoja. Rasimu inatumwa Jumatano. Asiye na kurasa za kuonyesha anakuja kusoma za wenzake. Tukianza, mwandishi ananyamaza, na kila msomaji anasema kwa sentensi moja makala ile inadai nini. Zikitoka sentensi tatu tofauti, mwenye makala hahitaji kuambiwa zaidi.

Mwenzetu wa ushirika alileta makala kuhusu wanachama wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, wanaouza kahawa kwa walanguzi badala ya kuipeleka chamani. Kurasa za mwanzo zilijaa historia, KNCU (chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro) tangu kuanzishwa 1933, wakoloni, sera zote mpaka leo. Yule Dokta wa afya ya jamii akafungua ukurasa wa kumi na tisa, akaweka kidole. "Kaka, hapa unasema wanaouza nje ni wale wanaodaiwa ada ya shule. Hii ndiyo makala. Hizo kurasa nyingine umemwandikia nani?" Jamaa alinuna mpaka supu ikapoa. Baadaye aliipandisha aya ile mwanzo, historia ikabaki ukurasa mmoja, na kichwa cha makala kikabadilika. Msomaji wa fani yake asingeliona hilo kirahisi, kwa sababu naye angeanzia 1933.

Kundi linasaidia pia kwenye kuchagua jarida. Mtu akibanwa na muda wa kuomba kupandishwa cheo, barua pepe inayomwita "Profesa mtukufu" na kumwahidi kuchapishwa ndani ya wiki moja inaanza kuonekana ya heri. Jeffrey Beall, mkutubi wa Marekani, alikuwa na orodha yake maarufu ya majarida ya kitapeli, lakini aliiondoa mtandaoni Januari 2017. Ukiona nakala zake zinazunguka, zitumie kwa tahadhari. Njia yangu ni ya kizamani. Nasoma makala tatu za karibuni za jarida hilo, natazama kama wahariri waliotajwa wanalitaja kwenye kurasa zao za vyuoni, naangalia kama limo DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, au AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika, kisha nawauliza wenzangu nani amewahi kutuma huko na alijibiwa nini. Kama wapitiaji walirudisha mistari miwili tu ya sifa, nakimbia.

Kuhusu ada ya kuchapisha, uliza kabla ya kutuma. Tangu Julai 2020 Benki ya Dunia inaiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, na wachapishaji wanaotumia makundi hayo hawatoi msamaha sawa. Mmoja anasamehe yote, mwingine anapunguza tu. Na kama hapo ulipo huna hata wa kuanza naye kundi, AuthorAID, iliyoanzishwa 2007, inaunganisha watafiti wa nchi kama zetu na washauri, na kozi zake za mtandaoni ni za bure.

Kufundisha nako kunahitaji wasomaji, ingawa hapo wanasoma kwa macho na masikio. Alika mwenzako mmoja akae nyuma ya ukumbi wako. Asije na fomu ya tathmini. Mpe swali moja tu. Yule wa elimu alimwomba mwenzetu ahesabu sekunde anazosubiri baada ya kuwauliza wanafunzi swali. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakifika sekunde tatu majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Jaribu kusubiri sekunde tatu mbele ya darasa la watu mia tatu, ni ndefu kuliko foleni ya benki mwisho wa mwezi. Lakini ndipo utakapomsikia binti wa safu ya nyuma ambaye hajawahi kufungua mdomo tangu muhula uanze.

Ukuu wa idara ukikujia, usikimbie, ila usipokee mikono mitupu. Omba mzigo wa vipindi upunguzwe, kwa maandishi, kabla barua ya uteuzi haijasainiwa. Ikishasainiwa, kila mtu atakuwa anakupongeza na hakuna atakayekusikiliza. Na kwa walio vyuo vya umma, mnapojaza malengo kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, wekeni makala mnayoiandika kama lengo, kwa jina lake. Ukiandika "kufanya utafiti" hakuna wa kukuuliza chochote, na hilo kwako si jambo jema.

Sasa, nani umwite kwenye kundi? Usimwite anayekujazia tathmini, hata kama ni mtu mwema, kwa kuwa mbele yake hutaleta rasimu mbichi. Usimwite mnayegombea nafasi moja. Mtafute mtu wa fani nyingine anayeweza kukwambia "hapa sijaelewa" bila kuona aibu, na ambaye akisema Jumamosi saa tatu anamaanisha saa tatu. Sifa hii ya pili ni ngumu zaidi kupatikana.