Shabiki akidaka mpira wa rekodi: aurudishe au auuze?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh wetu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Toronto na familia yangu. Huku watu wanapenda sana besiboli. Mpigaji akiupiga mpira ukavuka uzio na kuangukia majukwaani, aliyeudaka anaondoka nao. Mipira mingi haina thamani kubwa, lakini ule wa kuvunjia rekodi unauzwa kwa mamilioni. Kazini tumebishana sana. Mmoja anasema ule mpira ni luqata, yaani mali ya kuokotwa, lazima urudi kwa mwenyewe. Mwingine anasema kuuza ni tamaa, muungwana humrudishia mchezaji. Mimi nasema ni riziki. Huwa nakwenda uwanjani na mwanangu wa miaka tisa, naye habanduki na glavu yake. Ikitutokea tufanye nini?

JIBU

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, swala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, nianze na huyo wa luqata, maana hoja yake ndiyo nzito, ingawa hukumu yake siyo. Luqata ni mali iliyompotea mtu naye bado anaitaka. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alimwagiza aliyeokota akitambue kifuko cha ile mali na kamba iliyofungiwa, kisha aitangaze mwaka mzima, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Klabu ya besiboli haijapotelewa na kitu. Mpira unaruka mbele ya macho yake, na unapoangukia inapaona. Inauacha kwa hiari yake, na mali iliyoachwa na mwenyewe kwa hiari huwa ya atakayetangulia kuitia mkononi.

Hiyo hiari tumeijuaje? Kwa ada, yaani desturi ya watu. Zamani klabu za Marekani ziliidai mipira yao. Mwaka 1921 shabiki mmoja wa New York, Reuben Berman, alidaka mpira katika uwanja wa Polo Grounds, akagoma kuwapa walinzi, akatolewa nje. Akaishtaki klabu ya Giants na mahakama ikampa fidia ya dola 100. Tangu hapo klabu zikazidi kulegeza, mpaka leo hakuna anayeuliza. Ada ikishatulia namna hiyo huingia kwenye hukumu, na fakihi anayejibu bila kuiangalia atakosea. Angalia soka: mpira ukiingia jukwaani pale Uwanja wa Mkapa, kila mtu anajua unarushwa ndani mchezo uendelee. Ukiuficha kwenye begi umeghusubu mali ya watu, hata ukisema umeona Wamarekani wakifanya hivyo.

Ruhusa hii ni ya watazamaji. Wafanyakazi hawamo. Septemba 28, 2022, hapo hapo kwenu Toronto, Aaron Judge wa klabu ya Yankees ya New York alipiga pigo lake la 61 la kuvusha uzio msimu ule. Mpira haukuwafikia mashabiki. Uliangukia eneo wanamojiandalia warushaji wa timu ya Toronto, ukachukuliwa na kocha wao mmoja, ukarudishwa kwa Judge. Hakuwa na la kufanya zaidi ya hilo, kwa sababu mkono wa mwajiriwa akiwa kazini ni mkono wa mwajiri. Mfano wa upande wa pili ni mpira wa pigo la 755 la Hank Aaron, Milwaukee, Julai 1976, ambalo ndilo lililokuwa la mwisho maishani mwake. Mfanyakazi wa uwanja aliuokota, akataka amkabidhi Aaron kwa mkono wake mwenyewe. Klabu ikakataa, akaondoka nao, akafukuzwa kazi na kukatwa dola 5 kwenye malipo yake. Mwaka 1999 aliuza kwa zaidi ya dola 600,000, sehemu ya fedha akaipeleka kwenye mfuko wa hisani wa Aaron. Mtu yule simhukumu, nazungumzia sura ya suala: aliyeokota akiwa zamuni ameokota amana. Wapo watakaosema zile dola 5 ni klabu kujilipa bei ya mpira. Hoja ina utamu wake, lakini makato ya adhabu si mauzo, wala sadaka haisafishi chanzo. Allah ni mwema, hapokei ila kilicho chema.

Sasa tuje kwenye kudaka kwenyewe, maana ninavyoona dhuluma nyingi katika mambo haya hutokea hapo, mnadani huwa umechelewa. Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi walilizungumza suala hili karne nyingi kabla ya besiboli, katika mlango wa karamu ya harusi. Ilikuwa desturi, na pwani yetu bado tunaijua, kuwarushia watu halua, lozi au sarafu pale ndoa inapofungwa. Imam Nawawi, mmoja wa mafakihi hao, amesema kurusha kunajuzu na kuokota kunajuzu, ila kuacha kuokota ni bora, kwa sababu kugombania kunamvua mtu heshima yake. Kisha wakaingia kwenye vipengele. Aliyetandaza nguo yake makusudi kikamwangukia humo, ni chake, wala si halali kumnyang'anya. Kikiangukia kwenye nguo ya aliyekaa tu bila nia, yeye ana haki zaidi kuliko wengine, lakini akisimama kikadondoka kabla hajakusudia kukichukua, upendeleo wake umekwisha. Glavu ya mwanao ni hiyo nguo iliyotandazwa.

Nawe bila shaka umesikia kesi ya San Francisco. Oktoba 7, 2001, Barry Bonds alipiga pigo lake la 73, rekodi ya msimu mmoja. Mpira uliingia kwenye glavu ya Alex Popov, na kabla hajaudhibiti kundi likamvamia likamwangusha. Mpira ukamtoka. Patrick Hayashi, ambaye naye alikuwa amesukumwa chini na hakumgusa mtu, akauona sakafuni, akautia mfukoni. Jaji Kevin McCarthy alisikiliza mashahidi, akaangalia mkanda wa video, akapekua hata kesi za kale za wavua nyangumi waliogombania mnyama mmoja. Desemba 2002 aliamua kwamba Popov alikuwa ameanza kumiliki akakatizwa na uhalifu wa watu wengine, na Hayashi hana kosa. Kwa hiyo mpira uuzwe, wagawane nusu kwa nusu. Uliuzwa 2003 kwa dola 450,000.

Niliposoma uamuzi ule nilikumbuka hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari kwa Abu Dawud: watu wawili walidai mnyama mmoja, hakuna aliyekuwa na ushahidi, Mtume (s.a.w.) akamfanya kuwa wao wote wawili, nusu kwa nusu. Sura si moja kwa ukamilifu wake, kwani San Francisco ushahidi ulikuwepo na ndio uliowasawazisha. Hata hivyo jaji yule asiyejua fiqhi yetu alifika karibu kabisa na mlango wake. Kwako wewe hukumu iko wazi: mpira ukiwa tayari umeingia katika glavu ya mtu, kumpiga kiwiko, kumkunja kidole, kumkalia mgongoni ili umtoke, ni ghasbu, yaani unyang'anyi. Ukiuchukua kwa njia hiyo hauwi wako hata ukiwa na cheti cha uthibitisho na picha yako ikatoka gazetini, na bei yote utakayoipata ni ya yule uliyemkanyaga. Wengi hulipita hili haraka wakakimbilia kuuliza kama mnada ni halali.

Mnada ni halali. Anas amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliuza kitambaa na chombo cha kunywea cha mtu mmoja wa Ansari kwa kuuliza nani atazidisha. Na faida haina kiwango: Urwa al-Bariqi alipewa dinari moja anunue mbuzi, akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake, na Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka katika biashara yake. Kwa hiyo mpira wa pigo la 70 la mchezaji Mark McGwire uliouzwa kwa dola milioni 3 mwaka 1999, au ule wa mchezaji Shohei Ohtani wa mwaka 2024 uliofika takriban dola milioni 4.4, muuzaji hana dhambi kwa ukubwa wa bei. Mnunuzi ana hesabu yake na Mola wake juu ya israfu, na hilo si swali lako. Wewe jiepushe na najshi, yaani kumweka binamu yako apandishe bei bila nia ya kununua. Hiyo imekatazwa kwa hadithi sahihi.

Na useme kweli juu ya sifa ya unachokiuza. Machi 2022 mpira uliodhaniwa kuwa wa mwisho Tom Brady kufungia alama katika soka la Kimarekani uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 518,000, na kesho yake Brady akatangaza anarudi kucheza. Mauzo yalivunjwa. Katika fiqhi yetu pia, kitu kilichouzwa kwa sifa fulani kikaonekana hakina, mnunuzi ana hiari ya kukirudisha, ingawa muuzaji hakudanganya.

Tuje kwa huyo mwenzako anayesema muungwana hurudisha. Ana haki ya kuupenda uungwana. Hana haki ya kuugeuza kuwa faradhi. Mchezaji ameweka rekodi, na rekodi imebaki kwake na kwenye vitabu. Mpira haukuwa mali yake hata alipoupiga. Ukimpa ni hiba, yaani zawadi, na ihsani, na ujira wake uko kwa Allah ukikusudia kumfurahisha mja Wake. Mwaka 2011 Derek Jeter wa Yankees alipofikisha mapigo 3,000, yakiwemo yasiyovuka uzio, kijana aliyeudaka mpira alimrudishia bila kudai chochote, na Yankees wakamkirimu kwa tiketi za viti vizuri na zawadi nyingine. Kuna uzuri humo. Lakini mtu mwenye deni la nyumba, au mwenye wazazi Likoni wanaomtegemea kwa dawa, akiuza akalipa deni na akawatibu wazazi, sijui kwa kipimo gani tutamwita mwenye tamaa. Kulipa deni ni wajibu, na kumpa zawadi tajiri mwenye mkataba wa mamilioni ni sunna kwa aliye na nafasi.

Ukitaka kubadilishana, ukasema nipeni gongo la kupigia mpira lililotiwa saini na fulana tatu, hayo ni mauzo ya kitu kwa kitu na yanajuzu. Sharti ni ridhaa. Aprili 2024 shabiki mmoja mwanamke alidaka mpira wa pigo la kwanza la kuvusha uzio la Ohtani akiwa na klabu ya Dodgers. Kwa maelezo yake, walinzi walimtenga na mumewe, wakamwambia akiondoka nao klabu haitauthibitisha kuwa ndio wenyewe, naye akaukubali mpango wao kwa vitu vidogo. Kama ilivyosimuliwa ndivyo ilivyokuwa, mpira ule umechukuliwa kwa njia yenye shaka kubwa. Mtume (s.a.w.) amesema si halali mali ya mtu ila kwa radhi ya nafsi yake, na wanazuoni wetu wamesema kinachochukuliwa kwa upanga wa haya, yaani kwa kumwaibisha mtu mpaka atoe, ni kama kilichoporwa. Jukwaa zima likipiga kelele "rudisha, rudisha", nalo ni upanga. Jibu la haraka halikulazimu. Waambie: nitazungumza na familia yangu kwanza, kisha ondoka nao.

Kuhusu riziki, ni riziki, almuradi tiketi umeinunua ili utazame mchezo. Anayenunua viti kumi nyuma ya uzio kwa bei ya kuruka akiwa hana haja na mchezo, akitarajia mpira tu, amekaribia mno mlango wa kamari, nami namshauri aache.

Zaka haimo kwenye mpira uliodakwa, hata ukae kabatini miaka ukisubiri bei ipande. Kwa madhehebu yetu mali haiwi ya biashara mpaka iwe imepatikana kwa kubadilishana, nao hukuununua. Ukiuza, fedha zinaanza mwaka wake siku ulipozipokea. Zikibaki juu ya nisabu, yaani kiwango cha chini cha zaka, mwaka ukatimia, unatoa asilimia 2.5. Kodi ya serikali ni jambo jingine, lipa.

Limebaki la mwanao, na hili watu hawaliulizi. Mtoto wa miaka tisa ni mwenye kupambanua, na anachokitia mkononi katika vitu vya mubaha, yaani visivyo na mwenyewe, kinakuwa mali yake. Akidaka yeye kwa glavu yake, mpira si wako. Wewe ni walii wake, yaani msimamizi wake, na walii hana ruhusa ya kugawa bure mali ya mtoto, hata kwa mchezaji mkubwa, hata kwa nia njema, hata mtoto mwenyewe akisema mpe. Hapo ule uungwana wa mwenzako unageuka kuwa haramu kwako. Unaweza kuuza kwa thamani ya soko fedha zikahifadhiwa kwa jina lake, au ukamwachia mpira wake.

Ukidaka wewe ukamtilia kwenye glavu, hiyo ni hiba ya baba kwa mwana, na baba peke yake ndiye aliyeruhusiwa kurejea katika alichompa mwanawe. Septemba 2025 huko Miami ilisambaa video ya baba aliyempa mwanawe mpira, mama mmoja akaja juu akidai ni wake, na baba akautoa kwenye glavu ya mtoto akampa ili kelele ziishe. Watu walimlaumu sana. Kisheria alikuwa na njia, kwa kuwa mpira aliuchukua yeye na akampa yeye. Angekuwa ameuokota mtoto, asingekuwa nayo, na ingebidi amfidie mwanawe.

Wallahu aalam.