Maswali Yenu: Kusoma Dini kwa Simu

Barua za mwezi huu nyingi zinazunguka jambo moja: katika yote yanayopatikana mtandaoni kuhusu Uislamu, kipi cha kushika na kipi cha kuacha.

Katika kundi letu la familia la WhatsApp hadithi zinapita kila siku, nyingine zimeandikwa tu "Imepokewa na Bukhari". Nitajuaje kama ni kweli?
*Msomaji, Tanga*

Dai namba kwanza. Sahihi Bukhari, kwa hesabu ya Muhammad Fuad Abdul-Baqi inayotumika sana siku hizi, inaishia hadithi ya 7563. Sahihi Muslim inaishia 3033. Ukiletewa "Bukhari 9120", kazi imekwisha hapo hapo. Namba ikiwa ndani ya mipaka, ifungue kwenye Sunnah.com, yenye maandishi ya Kiarabu na Kiingereza, ulinganishe maneno. Jaribu na hadithi unayoijua: "Hakika matendo ni kwa nia" ni Bukhari 1 na Muslim 1907. Namba zikipishana usimwite mtu muongo haraka, kwani tafsiri za zamani za Kiingereza zilihesabu kwa juzuu na kitabu.

Kama hakuna namba, omba matini ya Kiarabu. Chukua maneno matatu au manne yasiyo ya kawaida, yaandike bila fat'ha, kasra wala dhumma, uyatafute kwenye Dorar.net, tovuti ya Kiarabu ya kuchunguza hadithi. Ukibandika sentensi nzima na irabu zake, mara nyingi hupati kitu, kwa sababu riwaya hutofautiana neno hapa na neno pale. Jibu huja na msimulizi, kitabu, namba na hukumu ya mwanachuoni aliyeichunguza. Usiichukue hukumu bila jina la aliyeitoa, maana wanachuoni huweza kutofautiana juu ya hadithi moja.

Mfano mzuri ni "Tafuteni elimu hata China". Ibnul-Jawzi aliiweka katika mkusanyiko wake wa hadithi za kuzuliwa. Lakini "Kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu" ipo Ibn Majah 224. Sanadi yake (mlolongo wa wapokezi) hapo ina udhaifu kwa sababu ya Hafs bin Sulayman, ila imepokewa kwa njia nyingi, na wapo maimamu walioipandisha hadi daraja ya hasan, yaani nzuri inayokubalika. Hafs huyo ndiye ambaye kisomo chake cha Qur'ani kinasomwa karibu kote Afrika Mashariki. Katika Qur'ani ni imamu, katika hadithi hifadhi yake ilitiliwa shaka. Basi neno "dhaifu" ni hukumu ya njia ya mapokezi, wala si tusi kwa mtu, na wanachuoni wengi wameruhusu hadithi dhaifu katika fadhila za amali kwa masharti. Iliyozuliwa haina ruhusa hiyo. Usiitume hata kama maneno yake ni mazuri.

Na ujumbe wowote unaoahidi kuepushwa na moto kwa kuwa wa kwanza kutangaza Ramadhani, au unaotisha balaa usipoutuma kwa watu kumi, ufute. Wala si mchezo mpya: mwaka 1908, enzi za Wajerumani, "Barua ya Makka" iliyosimulia ndoto ya Sheikh Ahmad ilisambaa Lindi na kuzua taharuki. Ndoto hiyo hiyo bado inazunguka kwenye simu.

Nimesilimu miezi michache iliyopita. Ninapoishi hakuna mwalimu karibu. Nianzie wapi?
*Ndugu yenu, Njombe*

Karibu sana, ndugu yetu. Kwa sasa weka kando mihadhara ya malumbano, kwa kuwa haikufundishi kusali. Shika twahara, kisha sala, na Fatiha iende sambamba navyo.

Uchague pia madhehebu moja na ubaki nayo. Waislamu wengi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Imam Shafi, na hayo ndiyo utakayoyakuta katika misikiti mingi. Bila hivyo, video moja itakuonyesha imamu anasoma Bismillahi kwa sauti na kuleta kunuti (dua ya kusimama) katika sala ya Alfajiri, nyingine haina hata kimoja. Wote wana dalili zao, lakini anayeanza akichota huku na huku hubaki na wasiwasi katika kila rakaa.

Faradhi za udhu kwa Shafi ni sita: kutia nia unapoanza kuosha uso, kuosha uso wote, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kufuata mpangilio huo. Kusukutua, kupandisha maji puani na kurudia mara tatu ni sunna. Video nyingi huonyesha vyote kwa mkupuo, ndiyo maana mtu akisahau kusukutua huanza upya bila sababu. Mahali udhu unapoharibika kweli ni kwenye viwiko na visigino visivyofikiwa na maji, na kwenye kucha zilizopakwa rangi inayozuia maji.

Fatiha ina aya saba. Tafuta rekodi ya kufundishia ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, asome aya moja, usimamishe, usome wewe huku ukijirekodi, kisha usikilize zote mbili. Shika aya mbili, usiongeze mpaka zikae. Usitegemee herufi za Kilatini kwa muda mrefu: ح na ه zote huandikwa "h", nawe hutajua tofauti. Wakati bado hujahifadhi, ipo dhikri ambayo Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu aliyeshindwa kuhifadhi: "Subhanallah, walhamdulillah, wala ilaha illallah, wallahu akbar, wala hawla wala quwwata illa billah" (Abu Dawud 832).

Sikio lako halitalisikia kosa la ulimi wako. Mtafute mwalimu wa kukusikiliza Fatiha kwa simu, hata dakika kumi kwa wiki. Ukifika mjini siku ya Ijumaa, mwone imamu baada ya sala umweleze haja hiyo.

Wanangu wana miaka 6 na 9. Nataka wasomeshwe Qur'ani na ustadh wa Mombasa kwa video. Niangalie nini?
*Mama, Leicester, Uingereza*

Mama, kabla ya ada, mwombe ustadh asome mwenyewe, akwambie alisoma kwa nani na kama ana ijaza, yaani idhini ya kusomesha. Mwalimu wa kweli hachukizwi na swali hilo.

Vipindi vinne vya dakika 20 kwa wiki vinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Mtoto wa miaka 6 huchoka mapema, na kosa lisiporekebishwa kwa siku sita linaota mizizi. Kila mtoto awe na zamu yake. Wakisoma pamoja, mdogo hufuata sauti ya mkubwa na makosa yake yanajificha.

Kamera ikae usawa wa mdomo, si juu ya paji la uso, maana ustadh anahitaji kuona ulimi unatoka kwenye ث na midomo inakutana kwenye ب. Tumia spika za masikioni zenye maikrofoni. Na jambo linalosahauliwa na wengi: zima kizuia kelele katika programu ya kupigia. Kinafuta sauti za mvumo wa pumzi, na ح, ه, س na ف ni za namna hiyo. Ustadh hulaumu makhraja (matamshi ya herufi) ya mtoto kumbe sauti imeliwa njiani.

Tumieni msahafu wa aina moja pande zote mbili. Ule wa Madina wenye kurasa 604 na mistari 15 kila ukurasa unapatikana kwa karatasi na kwa simu, hivyo ustadh akisema "ukurasa wa 582, mstari wa tatu" mtoto anafika. Mkipakua sauti za kusikiliza, hakikisheni ni riwaya ya Hafs. Ya Warsh, kisomo kingine, ni sahihi pia, lakini itamchanganya mtoto.

Kumbuka saa za Uingereza hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wakati wa kiangazi mnapishana na Mombasa saa mbili, wakati wa baridi saa tatu. Lipa kwa mwezi, usilipe mwaka mzima. Kaa chumba kimoja na watoto kipindi chote, na ujumbe wote wa ustadh uje kwenye simu yako, usipite kwenye kifaa cha mtoto.

Programu ya simu inachelewesha Alfajiri dakika 12 kuliko msikiti wetu, na Alasiri zaidi ya saa nzima. Nani sahihi?
*Msomaji, Mombasa*

Fuata msikiti, kisha rekebisha programu. Inaelekea imewekwa hesabu ya ISNA, jumuiya ya Waislamu ya Marekani ya Kaskazini, inayohesabu Alfajiri jua likiwa nyuzi 15 chini ya upeo. Weka nyuzi 18, kama ya Muslim World League. Karibu na ikweta nyuzi moja ni takriban dakika nne, ndiyo hizo 12. Katika Ramadhani tofauti hii ni nzito, kwani unaweza kuendelea kula daku Alfajiri imeshaingia. Alasiri nayo imewekwa kwa madhehebu ya Hanafi, yanayoichelewesha; badilisha iwe Shafi. Tarehe ya Hijria ikipishana na tangazo la mwezi, programu nyingi zina mahali pa kuongeza au kupunguza siku moja.

Kwa kibla, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zinaelekea kaskazini karibu kabisa, tofauti haifiki nyuzi mbili. Mshale ukielekea pembeni, vua kava la simu lenye sumaku.

Mimi ni Mkristo, mwalimu wa sekondari. Nataka kuwaelewa wanafunzi wangu Waislamu. Nisome nini?
*Mwalimu, Shinyanga*

Tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili ya Ali Muhsin al-Barwani ipo kwenye Tanzil.net. Ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, ina maelezo mengi ya chini, nayo inamfaa mgeni. Usianze mwanzo: sura hazikupangwa kwa mfuatano wa kushuka, na ya pili ndiyo ndefu kuliko zote. Anza na Sura Maryam (ya 19, aya 98), kisha Yusuf (ya 12, aya 111). Utakutana na watu unaowajua.

Kwa shule, panga mitihani ukijua Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na kwamba sala ya Ijumaa husaliwa kwa jamaa, wakati wa Adhuhuri, ikitanguliwa na hotuba. Mwanafunzi hawezi kuisali peke yake baadaye.

Nilimwandikia mke wangu talaka kwa ujumbe nikiwa na hasira. Nimeuliza mtandaoni, nimepata majibu matatu tofauti.
*Msomaji, Dodoma*

Acha kuuliza mtandaoni. Hukumu ya talaka ya maandishi inategemea maneno yenyewe, nia yako, hali yako, talaka zilizotangulia na kama mkeo alikuwa katika hedhi, na aliyekujibu hakuyajua hayo. Nenda kwa kadhi kupitia BAKWATA ya wilaya. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upitie baraza la usuluhishi kabla ya mahakama, na BAKWATA ina mabaraza hayo. Usiufute ujumbe, nenda nao ukiwa na tarehe na saa yake. Mkeo naye afike, maana kadhi anapaswa kusikiliza pande zote mbili.