Kipindue Kwanza, Ukisifie Baadaye

Barua za safari hii zimejaa miguu minne. Nimezisoma nikiwa nimekalia ndoo iliyofudikizwa, kwa sababu viti vyangu vyote vimefungwa kamba vikingoja gundi ikauke. Ndivyo ilivyo nyumba ya mtengeneza viti.

"Fundi, shikamoo. Nimepata viti sita vya mezani vya mkangazi. Muuzaji anasema ni antiki, vimetengenezwa mwaka 1780 au karibu na hapo, na ana hadithi ndefu za familia vilikotoka. Mimi macho yangu yanaona viti vizuri tu. Nitajuaje kama ninauziwa viti au ninauziwa hadithi?" – Mwenye Meza Ndefu

Marahaba, mwanangu. Hadithi mwachie mwenyewe, hiyo haikaliwi.

Neno "antiki" siku hizi linabandikwa kwenye kila kitu chenye vumbi. Watu wa forodha katika nchi nyingi hulitumia kwa kitu kilichopita miaka 100. Chini ya hapo ni kiti cha zamani tu, na kiti cha zamani hakina aibu yoyote. Ila wewe umeambiwa 1780, basi tukipime kwa 1780.

Kipindue. Kiweke juu ya blanketi, miguu juu, karibu na dirisha, kisha upige magoti. Watu wengi huzunguka kiti wakikipapasa mgongo kama wanamnunua ng'ombe, na huko ndiko muuzaji alikokipaka polishi. Chini hakuna anayepaka. Mbao isiyopakwa kitu ikikaa na hewa na vumbi miaka mingi hubadilika rangi yenyewe, lakini haibadiliki sawasawa: palipofunikwa hubaki pakavu na peupe zaidi, palipoguswa huwa peusi. Ukikuta rangi imeenea vilevile mpaka kwenye kona ambazo mkono wala mwanga haufiki, jua kuna mtu aliyepita na brashi.

Kisha tazama alama za msumeno. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka, isiyolingana. Msumeno wa mviringo, ulioenea katika karne ya 19, huacha mistari iliyopinda kama ukingo wa sahani. Ukiuona ukingo huo chini ya kiti cha 1780, mwulize muuzaji msumeno ulifikaje kabla ya wakati wake.

Skrubu nazo zina mdomo. Za enzi hizo zilikatwa kwa mkono: mfereji wa kichwani umekaa upande, ncha ni butu. Zenye ncha kali zilianza kuenea katikati ya karne ya 19. Za nyota ni za miaka ya 1930, kwa hataza za Mmarekani Henry F. Phillips. Lakini ukiiona ya nyota usimgombeze mtu upesi, huenda fundi alipita humo miaka hamsini iliyopita akikaza kitu. Ichomoe kama utaruhusiwa. Kama hapo palikuwa na skrubu ya kwanza, tundu litakuwa na kovu lake. Kama kila skrubu ni ya nyota na kila tundu ni safi, funga mkoba uage vizuri.

Kama miguu imekerezwa, yaani imechongwa duara ikizungushwa kwenye kerezo, ishike kwa kidole gumba na cha shahada, halafu zungusha mkono. Mbao hunywea kwa upana kuliko kwa urefu, na hata kwa upana hainywei sawa pande zote. Kwa hiyo mguu uliokuwa duara kamili siku ulipotoka kwenye kerezo, baada ya karne mbili huwa na umbo la yai kidogo. Vidole huujua utofauti huo kabla ya macho. Ndiyo sababu pia vijiti vilivyopigwa kukaza ulimi, yaani ncha ya kipande kimoja, ndani ya tundu la kingine huchomoza kidogo: mbao iliyovizunguka imenywea, vyenyewe vimebaki na urefu wao.

Kwa kuwa vyako ni seti, inua makalio ya viti yale yanayochomoka. Mafundi wa zamani walichonga namba za Kirumi kwa patasi kwenye fremu na kwenye kikalio chake, ili kila kikalio kirudi kwenye kiti chake. Ukikuta I, II, III, IIII, VII na IX, basi seti ilikuwa kubwa zaidi na wengine wamepotea njiani. Hilo si kosa, wala usishangae nne kuandikwa kwa vijiti vinne. Ukikuta III mbili, hapo seti mbili zimeozeshwa, nawe huna haja ya kulipa mahari ya seti moja.

La mwisho nililipia mwenyewe. Kiti cha kwanza nilichonunua kilikuwa na mgongo uliochongwa mpaka nikasahau kwamba kina miguu. Nilikinunua jioni, kwa taa hafifu. Asubuhi yake niliona mstari mwembamba kwenye mguu wa nyuma, pale mguu unapokutana na fremu ya kikalio. Mguu wa nyuma wa kiti kizuri ni ubao mmoja kutoka sakafuni mpaka juu ya mgongo, na mahali hapo ndipo panapobeba uzito wote mtu anapojiegemeza. Mguu ulikuwa umevunjika, ukaungwa na kupakwa rangi ukafanana. Mgeni wangu wa kwanza alijinyoosha nyuma baada ya kula, tukamwokota. Kwa hiyo pitisha ukucha pale, kwenye viti vyote sita, pande zote mbili.

"Nimeokota kiti cha fito za mbao zilizopindwa, mgongo wake kama matao mawili, moja ndani ya jingine. Kikalio cha henzerani kimetoboka. Rafiki anasema ni Thonet halisi. Je, nimetajirika?" – Mwokotaji

Hujatajirika, lakini una kiti kizuri. Unachoeleza kinafanana na Na. 14, alichokitoa Michael Thonet, mtengeneza samani wa Vienna, mwaka 1859: fito za mti wa biichi zilizolainishwa kwa mvuke, zikapindwa kwenye kalibu na kukaushwa humohumo. Kilikuwa na vipande sita, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Kufikia 1930 vilikuwa vimeuzwa kama milioni 50, ndiyo maana si adimu.

Tazama upande wa ndani wa duara la kikalio: kiwanda kiligonga muhuri au kubandika karatasi hapo. Karatasi hutoka, muhuri hubaki. Haki ya pekee ya Thonet ilikwisha mwaka 1869, na viwanda vingine, kama Jacob & Josef Kohn, vikatengeneza vya namna hiyohiyo kwa wingi. Ukikuta jina hilo usisononeke, maana hicho nacho ni kizee cha haki, na mimi nimewahi kukuta kazi yao iliyonipendeza kuliko ya mwenyewe.

Kuhusu henzerani, angalia kwanza ukingo. Ukiona matundu madogo yamezunguka fremu, ilisukwa kwa mkono uzi kwa uzi, na itasukwa tena hivyo. Ukiona mfereji uliojazwa ufito, ni mkeka uliosukwa kiwandani na kubanwa, na kuubadilisha ni kazi ndogo zaidi. Usikubali fundi akutobolee matundu kwenye fremu yenye mfereji, wala akuchimbie mfereji kwenye fremu yenye matundu. Na kwa wale ambao henzerani yao haijatoboka bali imelegea tu: lowesha upande wa chini kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, iache ikauke usiku kucha bila kukaliwa. Hujikaza yenyewe.

"Mama fundi, kiti cha mikono nilichokipenda kina vitundu vingi vidogo miguuni. Muuzaji anasema hiyo ndiyo dalili ya ukale. Nichukue?" – Mpenda Mikono

Dalili ya ukale ni mvi. Vitundu ni dalili ya wadudu.

Vitundu hivyo, vya milimita moja na nusu hadi mbili, ni milango ya kutokea, si ya kuingilia. Buu hula mbao kwa ndani miaka mitatu au zaidi, kisha mdudu aliyekomaa hutoboa akaruka zake. Swali ni kama wamehama au bado wako nyumbani. Tundu la zamani lina giza na kingo zilizochakaa. Jipya lina kingo kali na mbao nyeupe ndani, na ukigonga mguu kwa kiganja unga hudondoka. Ukishakinunua, kiweke juu ya karatasi nyeusi mbali na vyombo vingine, ukitazame kwa miezi kadhaa, maana kimya cha wiki moja si ushahidi. Kiti kidogo kisicho na kitambaa kinaweza kufungwa kwenye plastiki na kulazwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikubwa mpelekee mtu wa dawa. Na bonyeza kwa ukucha: mguu ukiingia kama biskuti, wadudu wamekwisha kukila, nawe unanunua ganda.

Jambo moja ambalo wauzaji hawapendi nilitaje. Mdudu hutoka akitazama nje, kwa hiyo juu ya mbao unapaswa kuona vitundu vya duara tu. Ukiona vijia virefu vilivyo wazi, kama mito kwenye ramani, mbao hiyo ilirandwa na mtu baada ya kuliwa. Maana yake kiti kimetengenezwa upya kwa mbao za kale, au kimechongwa tena. Kinaweza kuwa kiti kizuri. Lakini umri wa mbao si umri wa kiti.

"Mume wangu anataka kupiga msasa viti tulivyorithi kwa shangazi yake, apake vanishi mpya ing'ae. Mimi roho inaniuma. Tumeacha kusemeshana tangu Jumapili." – Roho Inauma

Semeshaneni, kisha umfiche msasa.

Rangi ile iliyotulia juu ya kiti, yenye weusi pale mikono iliposhika na weupe pale visigino vilipokanyaga fito ya mbele, haichukui hata unene wa ukucha. Dakika kumi za msasa huiondoa yote, na hakuna duka linaloiuza. Mume wako akitaka kazi, na iwepo: kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha nta nyembamba, kisha kusugua mpaka bega limuume. Huenda akashangaa ni kiasi gani cha ule "uzee" kilikuwa uchafu.

Mkitaka kujua kilichopakwa ni nini, chovya pamba kwenye spiriti mguse mahali pa siri, chini ya fremu. Ikinata na kulegea, ni shelaki, vanishi ya kale ya utomvu wa wadudu, nayo hurekebishwa bila kukwanguliwa. Kama viti vimepakwa rangi nzito ya zamani, msasa mkavu usiguse kabisa kabla rangi haijapimwa, kwa sababu rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Marekani kwenyewe rangi hizo zilizuiwa kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978 tu.

Na mwambie, kwa upole, asipige msumari kwenye kiungo kinachochezacheza. Viti vya kale viliungwa kwa gundi ya moto, ya ngozi na mifupa. Joto na unyevu huilegeza, ndiyo maana ninaweza kufungua kiungo cha karne iliyopita, nikakisafisha na kukifunga upya. Msumari hupasua ulimi. Gundi nyeupe ya dukani huziba vinyweleo vya mbao, na ile ya moto ikija baadaye haishiki. Nusu ya kazi ninayolipwa ni kuondoa msaada wa watu wenye nia njema.

"Kiti changu cha miaka ya 1950 kinamwaga unga wa rangi ya chungwa chini. Ni wadudu?" – Mfagiaji

Ni sponji. Sponji ya kisasa iliingia kwenye viti kwa wingi miaka hiyohiyo, nayo ikizeeka husagika. Ibadilishe bila huzuni, ila kitambaa cha mwanzo kitunze hata kikiwa kimechanika, maana ndicho kipimo na ushahidi wako. Kama kungekuwa na manyoya ya farasi ndani, ningekwambia kinyume: hayo yafuliwe, yachambuliwe, yarudishwe.

"Ninataka kuzungushia meza yangu viti vya kale visivyofanana hata kimoja. Ni vibaya?" – Sita kwa Sita

Si vibaya, ila visitofautiane kwa kimo. Makalio ya viti vya mezani mengi huwa kati ya sentimita 43 na 47 kutoka sakafuni, na kati ya kikalio na meza unataka nafasi ya sentimita 25 hadi 30. Viti vya kale vingi vilikatwa miguu kwa sababu ncha zilioza, na utakuta kimoja kinamkalisha mgeni kama mtoto mbele ya sahani. Nenda na futi yako. Pima katikati ya kikalio ukiwa umekikalia, kwa sababu springi hudidimia, na kama kina mikono, pima pia kama itapita chini ya ubao wa meza. Vyangu viwili havipiti. Vinakaa ukutani, paka anavipenda.