Maswali ya Wasomaji: Je, idadi ya marejeleo inatosha kunichagulia msimamizi?

SWALI: Ndugu Mhariri, najiandaa kuomba nafasi ya shahada ya uzamivu katika saikolojia ya utambuzi, na ninakusudia kuchunguza kumbukumbu. Wahadhiri wawili wamekubali kunisimamia. Katika ukurasa wa Google Scholar, mmoja ana fahirisi ya h ya 31, na makala yake moja imerejelewa zaidi ya mara elfu mbili. Wa pili ana fahirisi ya 9 na makala chache. Wenzangu wananihimiza nisisite, niende kwa huyo wa kwanza. Je, nambari hizi zinatosha kuniamulia?

JIBU: Ndugu msomaji, hazitoshi, ingawa si za kupuuzwa. Tuanze na hiyo fahirisi, kwa kuwa ndiyo iliyowashawishi wenzako.

Fahirisi ya h ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Hesabu yake ni nyepesi: ni idadi kubwa kabisa ya makala za mtu ambazo kila moja imerejelewa angalau mara nyingi kama idadi hiyo yenyewe. Mtafiti mwenye makala tano zilizorejelewa mara 40, 22, 9, 4 na 3 ana fahirisi ya 4, kwa sababu makala nne za mwanzo zimefikisha angalau marejeleo manne kila moja, lakini ya tano haikufikisha matano. Sasa mweke kando yake mwingine ambaye makala zake zimerejelewa mara 4, 4, 4, 4 na 3. Huyo naye anapata 4 ileile, ingawa wa kwanza ana jumla ya marejeleo 78 na wa pili ana 19. Zaidi ya hayo, fahirisi hii haishuki kwa kupita miaka. Huweza kupanda hata baada ya mwenyewe kuacha kufanya utafiti, maana makala zake za zamani zinaendelea kutajwa. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha 31 na 9, tazama kila mmoja alianza kuchapisha mwaka gani. Hakikisha pia kwamba orodha hiyo ni ya mtu mmoja, kwani kurasa hizi hukusanywa na programu, na makala za watu wenye majina yanayofanana huchanganywa mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Jambo ninalotaka ulitilie mkazo zaidi ni hili: makala hurejelewa kwa sababu nyingi, na hesabu haizitenganishi. Mwaka 1971 mwanasaikolojia R. C. Oldfield alichapisha katika jarida la Neuropsychologia dodoso fupi la kupima mtu anatumia mkono gani zaidi, likiuliza juu ya kuandika, kuchora, kurusha, kushika mkasi, mswaki, kijiko na mengine ya namna hiyo. Makala hiyo ni miongoni mwa zinazotajwa mno katika uwanja mzima, na inastahili heshima yake, lakini wengi wanaoitaja huandika sentensi moja tu ya kusema kwamba washiriki wao walipimwa kwa dodoso hilo, kisha wakaendelea na shughuli yao nyingine kabisa. Marejeleo ya namna hiyo yanathibitisha kwamba chombo kinafaa na kimezoeleka, bila kukuambia lolote kuhusu nadharia ya aliyekitunga. Yapo pia marejeleo ya kupinga. Mtu anayeandika kwamba alirudia jaribio la fulani na hakupata matokeo yaleyale humwongezea fulani huyo rejeleo moja, sawasawa na anayemsifu.

Katika fani yetu hilo si jambo dogo. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha kazi ya kundi kubwa la watafiti waliorudia majaribio 100 ya saikolojia kutoka majarida matatu yanayoheshimika. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimeripoti matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati nasibu tu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizoyapata tena. Tafiti za utambuzi zilifanya vizuri kuliko zile za saikolojia ya jamii, na hata hivyo ni takriban nusu yake tu zilizothibitika. Mwenye kukaa miaka kadhaa akijenga tasnifu juu ya jaribio la msimamizi wake ana haki ya kujua mapema kama jaribio hilo linasimama.

Kwa hiyo nakushauri uifungue ile makala yenye marejeleo elfu mbili, uchague kazi ishirini zinazoitaja, za miaka tofauti, na usome sentensi yenyewe inayoitaja katika kila moja. Itakuchukua siku mbili hivi. Utajua kama watu wanaitumia kama chombo, wanajenga juu yake, wanaipinga, au wanaitaja kwa mazoea tu. Kisha fanya hivyohivyo kwa makala mbili za yule wa pili, na uangalie kama anaweka data zake wazi na kama alisajili mpango wa jaribio kabla ya kulifanya.

Hatimaye, soma orodha ya waandishi. Katika maabara nyingi za saikolojia, jina la kwanza ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na la mwisho ni la kiongozi wa maabara. Tafuta makala ambazo mwanafunzi ndiye wa kwanza na mhadhiri wako ndiye wa mwisho, kisha uone kama majina hayo ya wanafunzi yanaendelea kuonekana miaka iliyofuata. Binafsi, fahirisi ya 9 yenye wanafunzi wanne waliotangulizwa hivyo ingenivuta kuliko ya 31 ambayo wanafunzi wake wote wamefichwa katikati ya orodha. Waandikie wawili kati ya wanafunzi hao, uwaulize rasimu zao zilikuwa zikisomwa baada ya muda gani.