Kiingereza nakisoma freshi, mbona wakiongea sisikii kitu?

Mwangaluka wasomaji wa kanda ya ziwa na wengine wote mlipo. Mwezi huu meseji zenu nyingi zimeangukia sehemu moja, masikio, kwaiyo nimeona nizijibu zote hapa kwa mkupuo. Majina nimeyaficha kama mlivyoomba.

*

Shikamoo mwalimu. Mi niko mapokezi kwenye loji moja huku Capri Point, wageni wetu wengi ni wazungu wanaopita kwenda Serengeti. Form four Kiingereza nilipata B na kusoma nasoma bila shida, hata imeili za wageni mi ndo nazijibu. Shida wakianza kuongea, maneno yote naona yamegandana, nabaki nasema yes yes. Juzi mgeni kaniambia nimwitie teksi ya eapoti, nikasikia four fifty, nikaandika kwenye daftari saa kumi na dakika hamsini, kumbe kasema four fifteen. Saa kumi na robo mgeni yuko mlangoni na mabegi yake, teksi hakuna, bosi kanigombeza mbele ya watu. Sa nimeanza kusikiliza redio ya Kiingereza siku nzima nikiwa kazini lakini sioni napiga hatua. Nifanyeje?
Dada wa mapokezi, Capri Point

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kugombezwa. Tuanze na hiyo teksi. Fifteen na fifty zinawachanganya watu wengi sana, hata wenyewe wenye lugha yao kwenye simu huwa wanaulizana mara mbili. Fifty nguvu yote iko mwanzo, FIFti, mwisho inakatika haraka. Fifteen mwisho unavutwa, fifTIIN, na ile n inabaki inalia. Ila usitegemee sana pale nguvu ilipo maana wakiweka neno mbele yake, mfano fifteen minutes, nguvu inahamia mwanzo nayo, kwaiyo wewe winda ile n. Na usipokuwa na uhakika usiseme yes, uliza hivi, "One five, or five zero?" Atakujibu kwa namba moja moja na hakuna atakayekuona hujui, ndo kwanza utaonekana mtu makini.

Sa hiyo B yako. B ni ya kweli, ila uliipata kwa macho. Sisi tumesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari tukakutana na Kiingereza ubaoni na kwenye vitabu, na ticha mwenyewe akiona darasa limenuna anarudi kwenye Kiswahili aeleweke. Yani maneno mengi tunayajua sura, sauti yake hatujawahi kuisikia ikitoka kwa mtu mwenye haraka zake. Kwaiyo sikio linakaa linasubiri neno lije kama lilivyoandikwa, na haliji ivo.

Fikiria mzungu aliyejifunza Kiswahili kitabuni huko kwao. Kafundishwa nimeshakula, sijui, kwa hiyo. Anashuka Mwanza anaingia soko la Kirumba anasikia nshakula, sjui, kwayo, anapanda daladala konda anamwimbia Buzuruga-Igoma-Kisesa kwa pumzi moja, ataapa hiyo siyo lugha aliyosoma. Na sisi tuna nafuu, maana Kiswahili hata tukikimbia irabu karibu kila moja inapata haki yake mpaka ya mwisho. Kiingereza kinachagua neno moja mawili kinayapa nguvu, hayo mengine kinayameza. And inabaki n, of inabaki a, to inabaki ta.

Chukua sentensi moja mgeni anaweza kukuambia kuhusu dereva: "Could you tell him I'm going to be a bit late?" Hapo kuna maneno kumi na moja. Kwa sikio inakuja hivi: kujatelim amgonabi abitleit. Could you imekuwa kuja, him imepoteza h ikamdandia tell, going to imekuwa gona. Yaliyosimama wima ni tel na leit. Ukizishika hizo mbili na ukajua gona ni jambo la mbele, umeshaelewa kwamba kuna mtu wa kupewa taarifa na kuna mtu atachelewa, mengine utauliza.

Nyingine ya kazini kwako ni can na can't, hii inaumiza maana moja ni ndiyo na nyingine hapana. Ile ya ndiyo katikati ya sentensi inamezwa inabaki kn, ai-kn-kam. Ya hapana ndo inapewa uzito, Mwingereza atasema kaant, Mmarekani atasema kitu kama kent na t yake wala huisikii. Kwaiyo ukisikia hilo neno limetamkwa kwa nguvu, jua uwezekano mkubwa umekataliwa.

Kuhusu redio ya siku nzima, iache dada. Siyo mbaya, ila ukiwa unaandika risiti huku inaongea, baada ya nusu saa inageuka kuwa feni tu. Tafuta kipande cha dakika moja au mbili, mazungumzo ya kawaida, mtu anaagiza chakula, anauliza njia, anabadilisha chumba, sharti kiwe na skripti yake, yani maandishi ya kinachosemwa. BBC wana kipindi kinaitwa 6 Minute English, watu wawili wanapiga stori dakika sita na maandishi yake unayapata, wewe kata dakika ya kwanza tu ndo iwe kazi yako ya siku mbili. Sikiliza mara ya kwanza bila kalamu, ujue tu nani anaongea na nani na wanataka nini. Afu rudia sentensi moja moja, simamisha, andika ulichosikia hata kama ni upuuzi, andika kwa herufi za Kiswahili, gona, telim, usione aibu daftari ni lako. Ukishashindwa kabisa ndo ufungue skripti, upitie na kalamu nyekundu pale ulipokosea. Mwisho ongea pamoja na yule wa kwenye simu, umeze anapomeza, maana sauti ambayo mdomo wako umewahi kuitoa sikio linaikamata haraka zaidi.

Mi daftari langu la zamani bado ninalo. Kuna ukurasa nilikuwa nasikiliza mtu anatoa mada fupi kuhusu nyuki, nikaandika neno festival mara tatu. Nikakaa najiuliza hawa nyuki wana tamasha gani, nikarudia mpaka simu ikazima chaji. Nilipofungua skripti, first of all. Jamaa alikuwa anasema fastavol. Toka siku hiyo hilo neno halijawahi kunipita tena, na ndo maana nakwambia kosa lako mwenyewe lenye wino mwekundu lina faida kuliko masaa kumi ya redio.

Kama hata dakika moja inakuwa nzito, kuna vile vya pole pole. Sauti ya Amerika walianzisha matangazo ya namna hiyo mwaka 1959, maneno kama 1500 tu, sentensi fupi, msomaji hana haraka. Anzia hapo ila usihamie moja kwa moja, mgeni mwenye ndege ya kuwahi hawezi kukuongelesha ivo.

*

Mambo vipi kaka mwalimu. Nimemaliza chuo, natafuta skolashipu ya nje na wanataka IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Kwenye listening, sehemu ya kusikiliza, nashangaa, section ya kwanza ambayo kila mtu anasema rahisi ndo nakosa majina na namba za simu, afu ya mwisho ya lekcha napotea katikati sirudi tena. Na je nikifanya mazoezi nirudie rudie odio au nisikilize mara moja? Bando pia ni shida.
Mhitimu, Nyegezi

Poa mdogo wangu. Kwa faida ya wengine, listening ya IELTS ina maswali 40, odio inaenda kama nusu saa, sehemu nne, na inapigwa mara moja tu. Ya kwanza watu wawili kwenye mambo ya kawaida kama kukodi nyumba au kujiandikisha, ya pili mtu mmoja anaelezea kitu, ya tatu stori za wanafunzi na mwalimu wao, ya nne lekcha.

Majina unayakosa sababu ya irabu, nakuhakikishia. Mwingereza akitaja herufi E anasema ii, sikio la Kiswahili linaandika I. Akitaja I anasema ai, akitaja A anasema ei, na wewe mkono umeshaandika E. Ongeza G na J, jii na jei, hapo jina lote limeharibika, na spelingi ikikosewa hakuna maksi. Dawa yake ni ya bure. Kaa na mshkaji akutajie majina ya mitaa herufi kwa herufi kwa Kiingereza, wewe uandike bila kujua ni mtaa gani. Pasiansi ni pii ei es ai ei en es ai. Mkimaliza Mwanza yote hamieni Ukerewe. Kwenye namba kumbuka sifuri wanaitaja ou, na saba zikifuatana mbili wanasema double seven.

Kingine wana mchezo wa kukuwekea jibu bovu kwanza. Mtu anasema tukutane Tuesday, unaandika haraka umefurahi, afu anasema ah no, Tuesday I'm working, let's say Thursday. Usifunge kalamu mpaka wamalize hiyo hoja. Na wakisema maneno yasizidi mawili ukiandika matatu umekosa, hata kama ni ya kweli yote.

Lekcha unapotea kwa sababu unang'ang'ania swali lililokupita. Maswali yanafuata mpangilio wa odio, kwaiyo moja likishapita liache liende kama daladala iliyojaa, simama kituo kinachofuata. Ule muda wanaokupa kabla, soma maswali upigie mstari neno moja zito kwa kila swali, afu uwe unasikilizia maneno ya kugeuza stori kama however, another reason, so what did they find. Hayo ndo yanakuonyesha kafika wapi.

Kurudia au kutorudia, vyote, ila usivichanganye siku moja. Siku ya kujipima unapiga mara moja kama mtihani, unasahihisha, basi. Kesho yake unarudi kwenye yale uliyokosa tu unayachambua mpaka uyasikie, hata mara ishirini. Na bando pakua sauti peke yake usipakue video, kwanza kwenye mtihani hakuna video.

*

Mwalimu mi dereva boda Nyakato, nijifunze lafudhi ya Mmarekani au ya Mwingereza?

Wewe abiria wako mzungu ni nani? Kama ni wa migodi ya Geita au wa mashirika, humo kuna wa kila nchi, usichague. Jifunze kwanza maneno ya njia kwa lafudhi yoyote, maana "just past the roundabout on your left" akiisema mtu yeyote utaipata, ukishazoea mmoja wa pili anakuwa rahisi. Na past hapo ni kupita, watu wengi wanasikia first afu wanasimama kabla ya mzunguko.

*

Mwanangu, mimi nauza dagaa Mwaloni, nina miaka 52. Nina mteja wa Uganda, Kiswahili hajui kabisa, tunaelewana kwa vidole. Kijana wangu ananiambia niangalie muvi ntajua Kiingereza. Naangalia zile zilizotafsiriwa mwaka wa pili huu, sijaona kitu.
Mama wa Mwaloni

Shikamoo mama, umenichekesha mpaka chai imenipalia. Zile zilizotafsiriwa mama unamsikiliza DJ wetu, mwigizaji mwenyewe kafunikwa huku nyuma. Ni tamu kweli, mi mwenyewe naangalia, ila miaka miwili umejifunza Kiswahili cha DJ. Hata zenye maandishi ya Kiswahili chini, jicho linakimbilia maandishi sikio linalala.

Wewe huhitaji muvi, unahitaji maneno kama thelathini ya biashara yako, kilo, gunia, kavu, mbichi, kesho, bei ya mwisho, na namba. Mwombe huyo mteja oda yake awe anaituma kwa voice note ya WhatsApp badala ya kupiga. Simu ikikatika imekatika, lakini voice note unaisikiliza jioni ukiwa umetulia, mara tano, mara kumi, na kijana wako akae pembeni akuandikie kilichosemwa muende neno kwa neno. WhatsApp inaongeza kasi tu haipunguzi, kwaiyo usihangaike na hako kanamba ka 1.5x, YouTube ndo unaweza kushusha mpaka 0.75. Ukiisikia sauti ya mtu mmoja huyo huyo, akiongelea kitu kile kile, kila wiki, sikio linamzoea mama, umri siyo kitu hapo.

Na huyo ni Mganda, ana Kiingereza chake cha kwao, akikwambia "you first wait" anakuomba usubiri kidogo, akisema "you extend" anataka usogee apite. Ukiwatafuta hao kwenye masomo ya Waingereza huwakuti. Bei tu ndo usiimalize kwa masikio, iandike kwenye kalkuleta ya simu umwonyeshe aitikie kwa kichwa, hata mi nikienda kununua sato kwa wageni nafanya ivo ivo.